Kabla ya Maswali 25, Uliza Matatu

Kama uko na mdogo wako bwenini hapa Malakisi, jiulize: tangu muhula uanze, kuna mtu amemuuliza kama analala vizuri? Si hesabu, si karo. Usingizi tu.

Sisi hushtuka moto ukishawaka. Kyanguli, Machakos, mwaka wa 2001: wavulana 67 walikufa, wanafunzi wawili wakashtakiwa. Kila mkasa kama huo ukitokea tunakagua madirisha, vitanda na kufuli. Sawa. Lakini kichwa cha mwanafunzi hakina mkaguzi.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Kuna dodoso la daktari wa akili wa Uingereza, Robert Goodman, lililotoka 1997. Maswali 25, majibu matatu tu: si kweli, kweli kiasi, kweli kabisa. Linagusa wasiwasi, hasira, kutotulia, marafiki, hata kama unasaidia wenzako. La Kiswahili lipo. Darasa zima linamaliza kwa kipindi kimoja.

Shida inaanza karatasi zikikusanywa. Alama za juu hazisemi mtoto ni mgonjwa, wala mhalifu. Zinasema mtu aketi naye. Nani sasa? Mwalimu wa ushauri nasaha ana masomo yake ya kufundisha, na pengine ndiye huyo huyo wa nidhamu. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Bungoma mjini. Hiyo ni nauli, na mzazi kukosa kibarua cha siku. Basi karatasi inageuka orodha ya "watoto wabaya". Kukitokea fujo, wa kwanza kuitwa ofisini ni wale waliojibu ukweli.

Mimi niliacha chuo. Wangeniletea fomu hiyo wakati huo, ningejaza ukweli? Zii. Ningeweka "si kweli" kote, nitoke nikale.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia habari za mtoto. Kwa hivyo shule ikileta fomu nyumbani, mwambie mzee asiweke sahihi tu. Aulize: Nani atasoma majibu? Yatawekwa wapi? Alama zikiwa juu, mtoto ataonana na nani, siku gani? Kama hilo la tatu halina jibu, wamtafute huyo mtu kwanza, ndipo wapime.

Kwa sasa, mpe mdogo wako nambari 116, ya kusaidia watoto. Kupiga ni bure. Na siku ya kutembelewa, kabla hujauliza alikuwa nambari ngapi, muulize kama analala.