Vipimo vya Jinsia kwa Wanariadha Wanawake: Sitara Yao Iko Wapi?



Ndugu wasomaji, kila inapofika michezo ya shule, wengi wenu mnaosoma hapa madrasa jioni huwa uwanjani Kwaraa, ama kushindana ama kutazama. Huko ndiko tunakosikia neno lililotufanya sisi wa kamati ya jarida tuandike makala haya. Binti akiwaacha wenzake mbali, na hasa akiwa na sauti nzito au misuli iliyokakamaa, hawakosekani wa kumwita "jikedume". Wanaosema hucheka, naye hacheki. Wapo waliokwisha kuacha mbio kwa ajili ya neno hilo, na sehemu hii ya nchi, iliyomtoa Gidamis Shahanga wa Katesh, bingwa wa marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, haina wakimbiaji wa kuchezea namna hiyo.

Baadhi ya vijana hudhani kuwa habari ya kuwapima wanamichezo wanawake kama kweli ni wanawake ni mambo ya Ulaya yasiyotuhusu. Ukweli ni kwamba yametuhusu tangu mwanzo. Mwaka 1966, katika mashindano ya riadha ya Ulaya kule Budapest, wanariadha wanawake walitakiwa kupita uchi mbele ya jopo la madaktari ndipo waruhusiwe kukimbia. Hatuna haja ya kueleza hukumu ya jambo hilo kwa mtu aliyesoma mlango wa sitara. Zilipofika Olimpiki za Mexico mwaka 1968 wakaona aibu, wakaanza kukwangua chembe ndani ya shavu na kuzitazama kwa darubini. Olimpiki hizo hizo ndizo za kwanza kwa wanawake wa Kenya: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Kwa hiyo mlango wa Olimpiki ulipofunguliwa kwa dada zetu wa Afrika Mashariki, kipimo kilikuwa kimeshasimama mlangoni. Naye Nzaeli Kyomo wa kwetu, aliyekimbia mbio fupi Los Angeles mwaka 1984, alikwenda katika zama hizo hizo.

Kipimo kile kilikuwa na kasoro kubwa. Mhispania María José Martínez-Patiño, mruka viunzi, alipimwa mwaka 1983 akapewa cheti. Mwaka 1985 alikwenda Kobe, Japani, akakisahau cheti nyumbani, akapimwa tena, na majibu yakasema ana kromosomu za kiume. Yeye mwenyewe hakuwa na habari. Mwili wake, kwa maumbile aliyozaliwa nayo, haukuweza kuitumia homoni ya kiume hata kidogo, basi faida ya mbioni ingetoka wapi? Mwaka uliofuata siri ikafika magazetini, akapoteza mchumba, makazi na ufadhili, na rekodi zake zikafutwa. Alirudishiwa haki ya kukimbia mwaka 1988, lakini miaka bora ya miguu yake ilikuwa imekwisha. Kamati ya Olimpiki iliacha kuwapima wanawake wote mwaka 1999.

Baada ya hapo wakawa wanapimwa wale tu wanaotiliwa shaka. Hapa ndipo Waafrika walipoanza kuumia zaidi, maana anayetiliwa shaka huanza kwa kutazamwa sura. Mwaka 2009 kule Berlin, Caster Semenya wa Afrika Kusini, binti wa miaka 18, alishinda mita 800 kwa dakika 1:55.45. Habari kwamba anachunguzwa jinsia zilikuwa zimevuja kabla hata hajasimama kwenye mstari wa fainali. Ulimwengu mzima ukakaa kumjadili mtoto wa watu.

Lakini tuwe waadilifu. Aliyekuwa wa pili siku ile, zaidi ya sekunde mbili nyuma, ni Janeth Jepkosgei wa Kenya, bingwa wa dunia wa mwaka 2007. Naye ni dada yetu, naye alikuwa amefanya mazoezi. Wanaosema kwamba mbio za wanawake ziliwekwa mbali na za wanaume kwa sababu homoni ya kiume huongeza misuli, damu na mifupa, hawasemi uongo. Mtu aliyezaliwa na umbile la kike kwa nje huku ndani ana korodani, na mwili wake unaitumia homoni ile, huweza kupata nguvu ambayo mwenzake hawezi kuifikia kwa mazoezi. Sisi hatuoni ubaya wa kuweka kanuni juu ya jambo hilo. Tunachokipinga ni namna wenye maumbile hayo walivyotendewa, na kisa cha Uganda kinatosha kuwa ushahidi.

Annet Negesa alikuwa na miaka 20, mkimbiaji wa mita 800 aliyefuzu kwenda Olimpiki za London mwaka 2012. Kabla ya safari akaambiwa kwa simu kwamba vipimo vyake vya homoni vimezidi, asiende. Mwezi Novemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji Kampala. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyatoa hadharani mwaka 2019, alidhani ni tiba ndogo, akazinduka na kujikuta ana majeraha tumboni. Hakupata matunzo ya kutosha baada ya hapo, mwili ukadhoofu, na mbio zake zikaishia pale. Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilikana kuhusika na upasuaji ule. Negesa akapewa hifadhi Ujerumani. Tukiacha ubishi wa nani alisema nini, linabaki jambo lisilokanushika: binti mwenye afya alikatwa mwili si kwa ugonjwa, bali kwa ajili ya kanuni ya mchezo. Je, mzazi gani wa Babati angekubali kama angeelezwa kwa lugha anayoielewa?

Katika Olimpiki za Rio mwaka 2016 medali tatu za mita 800 zilichukuliwa na Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni mpya iliyotangazwa mwaka 2018 iliwataka wenye maumbile ya namna hiyo wapunguze homoni kwa dawa kama wanataka kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili moja. Semenya alishitaki katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo akashindwa mwaka 2019, ingawa mahakama hiyo hiyo ilikiri kwamba kanuni ina ubaguzi, ila wakaona ni ubaguzi wa lazima. Mwezi Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema hakusikilizwa kwa haki huko Uswisi. Niyonsaba hakungoja mahakama. Alihamia mbio ndefu, akawa wa tano katika mita 10,000 kule Tokyo mwaka 2021, na mwaka huo huo akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwezi Machi 2023 kanuni ikapanuliwa kufunika mbio zote, na mlango ule nao ukafungwa.

Wambui alipendekeza mwaka 2021 liwekwe kundi la tatu. Ni rai ya mtu muungwana, ila sisi tuna wasiwasi nayo: atakayesimama katika kundi hilo atakuwa ameitangaza siri yake kwa uwanja mzima kabla bunduki haijalia.

Hapa tunawakumbusha wanafunzi wa faraidh kitu wanachokijua. Kila kitabu kikubwa cha fiqhi kina mlango wa khuntha, yaani mtu aliyezaliwa na dalili za jinsia zote mbili. Wanazuoni wetu waliishi karne nyingi kabla ya darubini, lakini hawakumkataa mtu huyo wala hawakumwita kituko. Walitazama dalili moja baada ya nyingine. Ikiwa jambo lilibaki mushkil, madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku, yanasema kila mrithi apewe kile kilicho na yakini, na kilichobaki kisimamishwe mpaka hali ibainike au warithi wapatane. Tazameni adabu iliyomo: shaka ilisimamisha mali, haikumvunjia mtu heshima yake. (Suala la mtu mzima anayetaka kuhama jinsia ni jingine kabisa, na wanaoyachanganya mawili haya barazani hawajayaelewa yote mawili.) Ama kukejeliana na kupelelezana, Suratul Hujurat imekataza yote, na haikumtoa mwanamichezo.

Mtauliza, kwa nini tunayaandika haya sasa? Kwa sababu kipimo kimerudi kwa wote. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, kila mwanamke anayetaka kushindana katika mashindano makubwa yanayohesabiwa na shirikisho hilo, ambalo tangu 2019 linaitwa World Athletics, hupimwa mara moja jeni iitwayo SRY, kwa shavu au kwa damu. Mwezi huo huo Alphonce Simbu alituletea dhahabu ya marathoni kutoka Tokyo, nasi tukashangilia. Yeye hakuulizwa kitu. Binti wa Tanzania mwenye ndoto kama yake ataulizwa, na huenda majibu yakawa ndiyo mara yake ya kwanza kuambiwa jinsi alivyoumbwa.

Kupima kwa usawa ni afadhali kuliko kutuhumu sura, hilo tunalikubali. Lakini kipimo cha shavu hakisemi kama mwili unaitumia homoni au hauitumii, kama kisivyosema kwa Martínez-Patiño, na kwa hiyo hakiwezi kuwa neno la mwisho bila daktari kumchunguza mhusika kwa ridhaa yake. Tunawaomba viongozi wa riadha wa nchi hii waamue mapema, kabla kisa hakijatokea kwetu, ni nani atakayepokea karatasi ile. Isipite katika mikono ya kocha, katibu, dereva wa basi la timu na mwandishi wa habari. Ipokewe na daktari mmoja aliyekula kiapo, aketi na binti pamoja na mama yake au shangazi yake, awaeleze kwa Kiswahili, na kama wao ni Wairaqw au Wagorowa wasiokielewa vizuri, apatikane mkalimani mwanamke anayeaminika. Asipangiwe upasuaji wala dawa kwa ajili ya mbio. Na akiamua kuacha kushindana, tangazo la timu liseme tu kwamba hayumo katika orodha, bila kuongeza neno.