"Wananiibia Bando" na Madai Mengine ya Benchini kwa Fundi Simu

Fundi wangu wa simu ana benchi moja la mbao mbele ya meza yake, na benchi hilo halikai tupu. Wanaosubiri kioo kibadilishwe hukaa pamoja na wasiosubiri chochote, na kazi yao wote ni ubishi. Madai ya hapo nimeyasikia tena ndani ya daladala, ofisini na kwenye magrupu ya ukoo, yakisemwa kwa sauti ileile ya mtu asiye na chembe ya shaka. Mengi si uzushi. Yalikuwa kweli zamani, au ni kweli nusu, au ni kweli ya kitu kingine, na ndiyo maana hayafi. Nayajibu yale yanayotukausha mifuko au kutuingiza kwenye aibu.

"Wananiibia bando"

Hili ndilo baba lao. Mtu anajiunga kifurushi asubuhi, anatuma jumbe mbili tatu, saa sita mchana anaambiwa kimekwisha. Hukumu inatoka hapohapo: kampuni imekwapua.

Dada mmoja alifika benchini na dai hilo, uso umemkunjamana. GB nzima imekwenda, akasema, na hajaangalia hata video moja. Fundi hakubishana. Aliichukua simu, akafungua Mipangilio, akaingia kwenye matumizi ya data, akamgeuzia kioo. Juu kabisa ilikaa WhatsApp. Dada alikuwa mjumbe wa kamati mbili za harusi, kuna grupu la kichen pati, kuna la ukoo, na simu iliachiwa ipakue kila kinachoingia: video za kukagua ukumbi, sampuli za vitenge, maua ya "asubuhi njema" kutoka kwa mashangazi watatu tofauti. Ni kweli hakuzifungua. Zilishuka zenyewe. Chini ya WhatsApp lilikuwepo duka la programu, ambalo lilikuwa limesasisha programu moja baada ya nyingine usiku wa manane kwa data ya simu, kwa sababu hakuna aliyeliambia lisubiri Wi-Fi.

"Sasa hizi nani kaziomba?" akauliza dada. Swali zuri, ila si la kampuni ya simu.

Hesabu nayo inachanganya watu. Kasi huuzwa kwa megabiti, kifurushi huuzwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Video inayotiririka kwa megabiti 2 kwa sekunde, ambayo picha yake wala si ya kutisha kwa uzuri, inakula megabaiti 900 kwa saa. Programu za video fupi zina ujanja wa kupakua video inayofuata kabla hujaifikia, ukiiruka, umeshailipia. Na yule aliyeuziwa intaneti ya nyumbani ya "kasi ya 10", kisha akaona faili linashuka kwa megabaiti 1.2 kwa sekunde akapandwa na hasira, amepata alichonunua: gawanya 10 kwa 8.

Simtetei mtu. Kifurushi cha saa 24 kinachofia mkononi nusu yake haijaguswa kinaniudhi mimi kama kinavyomuudhi yeyote. Mwanzoni mwa Aprili 2021, vifurushi vipya vilipoanza kutumika Tanzania, kelele za watu zilikuwa kubwa mpaka vikasitishwa. Kelele zile zilikuwa za haki, zilihusu bei na masharti, vitu vinavyoonekana kwa macho. Wizi ni dai jingine na linataka ushahidi wake. Zima upakuaji wa kiotomatiki, washa Kiokoa Data, kaa siku tatu ukiandika matumizi. Hesabu ikigoma hapo, una cha kupeleka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kwa sasa una hasira tu, na hasira haina fomu ya kujaza.

"Nimeingia hali fiche, hakuna anayeniona"

Wanaokuona ni walewale, isipokuwa mmoja. Hali fiche, ambayo Safari ilikuwa nayo tangu 2005 na Chrome ikaileta 2008, inafanya kazi moja: ukifunga dirisha, historia, vidakuzi na ulichojaza kwenye fomu vinafutika kwenye kifaa chako. Basi. Inakukinga na atakayeishika simu hiyo baada yako, awe mke, mume, mtoto au huyo fundi. Kwenye kompyuta ya kuazima ni msaada mkubwa, na mimi huitumia.

Lakini mtu huyu ni kama aliyefagia nyayo zake uani kwake akadhani safari haikuwepo. Bodaboda aliyempeleka anajua alimshusha wapi, na mwenyeji wake alimwona uso kwa uso. Bodaboda ni kampuni ya mtandao, au ofisi yako kama unatumia Wi-Fi ya kazini. Siku hizi kurasa nyingi zimefungwa kwa usimbaji, hivyo haoni ulichosoma ndani, ila jina la tovuti kwa kawaida analiona. Mwenyeji ni tovuti yenyewe, na ukishaingiza barua pepe yako na nywila umempa jina lako mwenyewe, fiche au si fiche.

Chrome huyasema mengi ya haya kwenye ukurasa wa kwanza wa hali fiche, kwa maandishi ambayo sijawahi kuona mtu anayasoma. Marekani walifikishana mahakamani. Mwaka 2020 watumiaji waliishtaki Google kwamba ilikusanya taarifa zao hata wakiwa humo, na mwaka 2024 yakatangazwa makubaliano ya kampuni kufuta mabilioni ya kumbukumbu. Lile onyo la ukurasa wa kwanza nalo likaandikwa upya. Ikiwa wenye lugha yao walielewa vibaya mpaka wakaenda kortini, vijana wa benchini nawasamehe.

"Vijiti vimejaa, kwa nini haifunguki?"

Nenda Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Vijiti vyote vimesimama, na picha uliyoituma kipindi cha kwanza bado inazunguka mpaka refa anapuliza cha mwisho. Vijiti vinapima jinsi simu inavyousikia mnara. Havisemi ni watu wangapi wanaogombania mnara huohuo, wala njia inayotoka mnarani ina upana gani. Unaweza kumsikia konda vizuri kabisa na daladala ikawa imejaa hadi mlangoni.

Tena, idadi ya vijiti kila mtengenezaji hujipangia. Julai 2010 Apple ilikiri kwamba kanuni yake ya kuvihesabu ilikuwa na kosa, na mara nyingi iPhone ilionyesha vijiti 2 zaidi ya stahili. Kwa hiyo mkiweka simu mbili mezani, laini za kampuni moja, yako ina vine na ya shemeji yako ina vitatu, msigombane bado.

"Kuna kufuli, kwa hiyo tovuti ni ya kweli"

Dai hili nalichukia kuliko yote, kwa sababu tulilifundisha sisi wenyewe. Miaka nenda rudi tuliwaambia wazazi: mama, kabla ya kuandika namba ya siri, tazama kufuli. Kufuli lina maana kwamba mazungumzo yako na tovuti hayasikiki njiani. Halikuambii unazungumza na nani. Unaweza kunong'onezana na mwizi faragha kabisa. Tangu 2015 taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti vya usimbaji bure, kwa dakika chache, kwa yeyote mwenye jina la tovuti. Ni huduma njema iliyosafisha sehemu kubwa ya wavuti, ila matapeli nao wamo foleni. Mwaka 2023 Chrome ikaliondoa kufuli pembeni mwa anwani, kwa kuwa watu walikuwa wanalisoma kama muhuri wa uaminifu.

Cha kutazama ni jina. Mwenye tovuti hujulikana kwa neno linalogusana na .com au .co.tz, kabla ya mkwaju wa kwanza. Jina la benki yako likikaa mwanzoni kabisa, mbali na hapo, ni pambo tu. Nimemrudia mama na somo hili jipya. Alinisikiliza, kisha akauliza ni kwa nini lile la mwanzo nililisema kwa uhakika vile.

"Hiyo brauza yako nzito, weka nyingine"

Ipi? Edge, Brave, Opera na kivinjari cha Samsung vyote vimejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Opera iliacha injini yake mwaka 2013, Microsoft ikafuata Januari 2020. Kwenye iPhone ni zaidi: kwa miaka mingi Apple ililazimisha kila kivinjari kutumia injini ya Safari, na ilipolegeza Machi 2024 ililegeza kwa nchi za Umoja wa Ulaya tu. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine hapo ni kupaka daladala rangi.

Wanaonibishia hutaja Opera Mini, na wana haki. Tuliotumia simu za vitufe tunaikumbuka kwa mapenzi: ilifungua ukurasa kwa senti huku vingine vimekwama. Siri yake ilikuwa kwamba ukurasa haukuja kwako moja kwa moja. Seva za Opera ziliufungua kwanza, zikaubana, ndipo zikakutumia uliopungua uzito. Maana yake kuna mtu wa kati aliyeusoma kabla yako, kwa hiyo ukiwa umewasha ubanaji wa namna hiyo usiingie benki. Ukitaka tofauti ya kweli kwenye Android, Firefox ina injini yake na inakubali kiongezi cha kuzuia matangazo. Mara nyingi kivinjari hakina uzito wowote. Ukurasa ndio umebeba mizigo ya watu.

"Ondoa programu zote nyuma, betri idumu"

Hapana. Programu nyingi unazozifagia kwa kidole zimelala; ukizifunga, simu itatumia nguvu zaidi kuziamsha upya. Machi 2016 Hiroshi Lockheimer wa Android na Craig Federighi wa Apple walilisema hilo ndani ya wiki moja, na watu wanaendelea kufagia. Fagia ile iliyoganda.

Na simu mpya kuchajiwa saa nane kabla ya kuwashwa? Ushauri huo ni masalia ya betri za nikeli, ambazo zilihitaji kuzoezwa. Sony ilipeleka betri ya lithiamu-ioni sokoni mwaka 1991. Wasia umeishi kuliko marehemu. Betri ya sasa adui yake ni joto, kwa hiyo anayechajia chini ya mto ndiye wa kugombezwa.

"Intaneti inatoka kwenye satelaiti"

Mzee mmoja wa benchini husema haya akinyoosha kidole juu, na hadi katikati ya 2009 alikuwa sahihi. Afrika Mashariki ilikuwa inapata intaneti yake kwa madishi. Satelaiti zile zilikaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka kwa mawimbi kulichukua karibu robo sekunde, jibu likarudi kwa robo nyingine. Waliowahi kupiga simu ng'ambo enzi hizo wanakumbuka zile "haloo, haloo" zilizogongana katikati. Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi, ukigusa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo TEAMS ukaiunganisha Mombasa na Fujairah, na 2010 EASSy ukafuata. Kwenye vilindi vya bahari, waya wa namna hii haupiti unene wa mpira wa kumwagilia bustani, na ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama nywele. Humo ndimo zinamopita kichen pati zote za yule dada.

Mzee huwa anajibu kwamba majirani zetu Kenya wana Starlink tangu 2023, na ni kweli, satelaiti zimerudi, sasa zikiruka chini zaidi. Lakini Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 iliamua ubishi wetu. EASSy na SEACOM zilikatika zote mbili baharini, upande wa kusini karibu na Durban, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Msumbiji na kwingine. Mitaani minong'ono ilienda kwingine: serikali imezima. Wenye kumbukumbu ya Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilipobanwa wakati wa uchaguzi, hawakulaumika kwa kushuku. Ila safari hii ulikuwa waya, na waya ukikatika hutumwa meli kuuvua kwa ndoana kama samaki, kuunga nyuzi sitahani, kisha kuurudisha chini.

Mchana ule nilikuwa kwa muuza samaki, changu wawili wameshaparwa, na programu ya malipo kwenye simu yangu inazungusha duara. Nikamweleza habari za waya, Durban, meli. Alinisikiliza kwa adabu huku akipepea nzi. "Kaka," akasema, "piga nyota." Nikapiga nyota, namba, nyota, namba, reli. Menyu ile haipiti kwenye intaneti. Inatumia njia ya zamani ya mtandao wa simu, ileile inayosaidia kupiga na kupokea. Ujumbe wa muamala ukaingia kwake kabla duara langu halijakata tamaa.