Njia ya Engaresero

Wako wasemao kwamba njia ya udongo haina dawa ila lami. Sisi twaona yafaa kwanza kuuliza ni kitu gani kiiharibucho.

Engaresero, kati ya mlima Ol Doinyo Lengai na ziwa Natron, njia huharibiwa na maji. Ardhi yake ni majivu ya volkano, laini kama unga. Kiangazi hupeperuka, na mvua inyeshapo juu ya genge la Bonde la Ufa, maji hushuka kwa nguvu na kuchimba makorongo. Hapo mama mwenye uchungu apelekwaye hospitali ya Wasso hana budi kungoja ng'ambo mpaka maji yapungue. Kutoka Sale hata Wasso, kilometa 49, lami imekwisha kuwekwa, nasi twafurahi. Lakini haimfai yeye aliyezuiwa huku chini.

Changarawe ni ya bei nafuu, ila isipokuwa na mifereji kandoye huchukuliwa upesi. Makaravati nayo huzibwa na mchanga na mawe. Penye korongo twaona afadhali sakafu ya mawe na saruji, maji yapite juu yake, kisha gari lipite. Huko Kigoma Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanzishwa mwaka 2017, umejenga madaraja ya upinde kwa mawe ya pale pale. Na Engaresero mawe si haba.

Basi fedha zikiwa chache, zianze penye makorongo na penye mpando, tambarare ingoje. Mifereji izibuliwe kabla ya masika, kazi ambayo majembe yatosha.