Eti vitumbua ni vya mtaani!

Wadau, salaam kutoka Mandewa, Singida, ambako upepo wa mwezi wa nane unavuma kama umelipwa. Najua wiki hii mlikuwa mnategemea vituko vya ofisi ya walimu. Leo hakuna vituko. Leo nina ugomvi na nyie wenyewe, wasomi wenzangu mlioko TP kila kona ya nchi na mliobaki Dodoma mnakula bumu, na ugomvi wenyewe ni wa vitafunwa. Msicheke.

Hoja naiweka mapema ili asiyeitaka aondoke akalale: wanaoviua vitafunwa vyetu ni sisi tunaojiita tumesoma. Mzungu hajafika Mandewa kumkataza mama mtu kupika kitumbua. Ni sisi tukifika kwenye kabati la kioo lenye taa ndani, akili inabaki mlangoni, macho ndiyo yanachagua.

Kisa chenyewe hiki. Kundi letu la TP tuko sita. Tumechanga elfu kumi kumi kwa ajili ya kuwaaga wanafunzi wetu, vidato viwili, jumla watoto 90. Elfu 15 juisi ya ubuyu tutakayopika wenyewe, elfu 45 vitafunwa. Nikatumwa mimi na mwenzangu twende mjini tukachague kwenye duka moja la keki (jina silitaji, sitafuti kesi). Kabatini kulikuwa na keki ya krimu ya bluu, donati, vikeki vya vikombe na kitu cha pinki ambacho mpaka leo sijui ni chakula au sabuni. Nikauliza kama wana vitumbua. Au kalimati. Au visheti. Au basi hata kashata. Dada wa kaunta akanipandisha akanishusha, akasema: "Hivyo ni vya mtaani, sisi tunauza keki."

Na mwenzangu, mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili, jamani, wa KISWAHILI, akanivuta shati ninyamaze.

Haya, vya mtaani maana yake nini? Hebu tuanze na kitumbua. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa, unachanganywa na tui, iliki, sukari na hamira, unaachwa uumuke. Halafu unamiminwa kwenye chuma chenye mashimo juu ya mkaa, mafuta kidogo kila shimo, na kila kimoja kinageuzwa kwa kijiti kwa wakati wake. Moto ukizidi, nje kinaungua na ndani ni uji. Moto ukipoa, kinakunywa mafuta mpaka kinalia. Hapa kwetu nazi inatoka mbali, kwa hiyo wengi wanapika kwa maziwa, na bado kinatoka laini. Mkate wa kumimina ndio kabisa: unga wa mchele na tui kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, hakuna oveni, hakuna kipimajoto, mama anajua kwa harufu. Mimi nina miaka mitatu ya chuo kikuu na siwezi. Keki ya bluu nimeshaiona inavyopikwa: unga wa pakiti, mayai, mashine, rangi ya chupa. Sasa kati ya hivyo viwili, fundi ni yupi?

Kuna atakayesema napinga vya wageni. Wapi! Kalimati yenyewe jina lake limetoka Kiarabuni, luqaimat, na Waomani wanazila mpaka leo. Chapati imetoka Uhindini. Skonzi tumempokea Mwingereza, na keki pia. Watu wa pwani walipokea vitu vya watu wakavitia iliki na nazi wakavifanya vyao, na halua ya Zanzibar mgeni wa heshima anawekewa mezani pamoja na kahawa chungu, hakuna anayeiita ya mtaani. Kupokea kitu cha mgeni sina shida nako. Shida ni kukipokea huku unakitupa cha mama yako dirishani.

Tupige hesabu maana najua mnapenda hela kuliko historia. Elfu 45 pale dukani inakupa keki moja ya kukatwa vipande vyembamba, kila mtoto anapata kipande cha kulamba na kidole. Elfu 45 hiyohiyo hapa Mandewa: kitumbua ni shilingi 200, watoto 90 kila mmoja viwili ni elfu 36. Inabaki elfu 9. Kashata ni 100, kila mtoto moja. Imeisha kabisa, hakuna chenji, na watoto wameshiba. Nilipoisema hesabu hii kikaoni mtu mmoja akajibu, "Lakini kwenye picha itaonekanaje?" Duh. Kumbe tunawaaga wanafunzi au tunaiaga simu yake?

Sasa ngoja niwaambie kwa nini hii kitu imenikaa kooni.

Kidato cha pili nina binti mmoja, mkali wa hesabu balaa. Nilipoanza kuwafundisha nilishangaa kwa nini darasa zima linacheka nikimwita ubaoni. Nikaja kugundua wanamwita "Kitumbua", kwa sababu mama yake anapika vitumbua njiani wanapopita kila siku. Wanaomcheka ndio haohao wanaonunua asubuhi, mdomo bado una mafuta. Siku moja nikaliambia darasa wataje vitafunwa wanavyovijua. Keki, donati, pizza, baga, mtoto mmoja akataja aiskrimu. Nikasubiri. Hakuna aliyetaja kitumbua. Nikauliza nani amekula kitumbua leo asubuhi, mikono ikapanda zaidi ya nusu ya darasa. Yule binti hakunyoosha. Baadaye kwenye fomu ya taarifa za wazazi, kazi ya mama, ameandika "ana duka".

Yaani mtoto wa miaka 15 anaficha kazi inayomnunulia daftari. Nani kamfundisha aibu hiyo? Hajafundishwa na kitabu. Kafundishwa na mimi na wewe, watu wenye vyeti, tunaofika kwenye sherehe tukaona sinia la vitumbua limewekwa nyuma jikoni kwa wapishi na madereva, na keki imewekwa mbele kwenye meza yenye kitambaa. Watoto wana macho. Wanaona nini kinawekwa mbele.

Najua mtaleta usafi. Kila nikiongea hili mtu ananiletea usafi. Na mimi nakubali kuna wanaotumia mafuta mpaka yanakuwa meusi kama lami, na kuna vitumbua vinavyokaa wazi vumbi la Singida linaviongezea sukari. Hao waambiwe, na usiwanunulie. Lakini kitumbua kinachotoka kwenye mafuta ya moto mbele ya macho yako unakijua umri wake, ni dakika mbili. Ile keki ya krimu umeme ulipokatika jana mchana ilikaaje? Uliuliza? Mwenye duka anakuambia ni ya leo, unaamini kwa sababu kuna kioo katikati. Kioo hakiui bakteria, wapendwa wa Bayolojia mtanisaidia hapo.

Halafu kuna hili la unga. Keki ya bluu ni ngano, na sehemu kubwa ya ngano tunayokula Tanzania inatoka nje. Tulijaribu kulima kwa kishindo, si mbali na hapa, Basotu kule Hanang: mashamba makubwa ya NAFCO ya miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, na Wabarbaig wakapoteza malisho yao katika kupisha hiyo ngano. Pamoja na yote hayo bado meli zinaleta. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine bei ya ngano ikapanda duniani, na mimi nikiwa bado sekondari nililiona andazi la shuleni likisinyaa wiki hadi wiki. Kitumbua kinatumia mchele. Kashata inatumia karanga au ufuta. Na hapa mkoani kwetu kuna alizeti mpaka macho yanauma, kuna uwele, kuna mtama, kuna asali ya Manyoni na Itigi ambayo watu wakipita na basi wananunua kwa madumu. Katika lile kabati la kioo, lililoko Singida mjini, hakukuwa na kitu hata kimoja chenye asali. HATA KIMOJA.

Mshkaji wangu wa Jiografia alinitumia picha za maduka ya vitamutamu ya Jamhuri ya Cheki, huko Ulaya ya kati, nikakaa nazo usiku mzima badala ya kuandaa andalio la somo. Kabatini kwao unakuta vimkate vya duara viitwavyo koláče vyenye jamu ya plamsi au mbegu za mpopi juu, na keki ya asali, medovník, tabaka juu ya tabaka. Kuna kamji kanaitwa Štramberk, watu elfu tatu na kitu tu. Wao wanaoka kitu cha unga, asali na viungo, kikiwa bado cha moto kinakunjwa kama sikio. Hadithi yao inasema Wamongolia walipovamia mwaka 1241 walikata watu masikio na kuyabeba kwenye magunia, na hiyo ndiyo kumbukumbu yake (watu wanakula historia ya kutisha namna hiyo na chai, sisi tunaona aibu na kitumbua kisicho na kosa). Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukalisajili jina hilo, Štramberské uši, masikio ya Štramberk, na mwokaji wa nje ya eneo lile haruhusiwi kulitumia. Asali, unga, na jina la mji. Singida tumekosa kipi kati ya hivyo vitatu?

Na msidhani wao wote ni wajanja. Praha watalii wanapanga foleni kununua trdelník, donge lililozungushiwa kwenye mti likachomwa, kibao kimeandikwa ni cha jadi, wakati Wacheki wengi wenyewe wanalalamika kwamba si cha kwao. Chenye jina lililosajiliwa, mwaka huohuo wa 2007, ni cha Skalica, nchi ya jirani, Slovakia. Mtalii kaona taa na kibao, katoa hela. Kama sisi tu.

Mtu wa Kemia ataniambia mtama na uwele havina gluteni, haviumuki kama ngano. Kweli kabisa. Ndiyo maana hakuna anayekuomba upike keki ya harusi kwa uwele mtupu. Changanya kidogo na ngano, au pika vitu visivyohitaji kuumuka. Kashata haiumuki. Kashata ya mbegu za alizeti kwa asali badala ya sukari, nani amejaribu hapa? Visheti vya kuchovya kwenye asali badala ya shira? SIDO wapo mkoani, mafunzo ya usindikaji wanatoa, VETA wapo. Kinachokosekana ni mteja wa kwanza mwenye hela kidogo na kauli nzito kwenye kikao, na huyo mteja ni mwalimu, nesi, karani, yaani wewe baada ya miezi michache.

Mwenye duka simlaumu sana kwa kweli. Anauza kinachoulizwa. Niliporudi mara ya pili, peke yangu, nikamwambia aweke sinia moja la vitumbua asubuhi aone, akacheka akasema wateja wake hawaulizi hivyo. Basi tumuulize. Kila ukiingia duka la keki, popote ulipo, Songea, Bukoba, Tanga, kabla hujanyoosha kidole kwenye ile ya bluu uliza kwa sauti: kalimati mnazo? Mkate wa kumimina je? Usivutwe shati.

Na wale mtakaovaa joho mwaka huu, msiniletee habari za kwamba oda za vyetu ni usumbufu. Vitumbua 100 mama anataka taarifa jana yake jioni ili aloweke mchele, basi. Kashata hata siku tatu zinakaa. Sinia liwekwe mbele, kwenye kitambaa, pembeni ya keki kama keki lazima iwepo. Mandewa hapa nawajua wapishi wawili, mmoja wao mnaweza kukisia ni mama wa nani. Anayetaka oda aniandikie kabla ya Ijumaa.