Wanaoingoja Theluji

Mwezi wa Januari, wakati kaskazi inapovuma na joto likatufanya tulale madirisha wazi, baadhi ya jamaa zetu wanaoishi Uingereza hutuletea simuni picha ya ramani iliyopakwa rangi ya buluu na zambarau, na chini yake maneno machache: theluji kubwa yaja baada ya siku kumi. Mama aliyeko Likoni au Malindi akiiona, hushikwa na wasiwasi juu ya mwanawe na wajukuu. Siku kumi zikapita, akauliza hali, akajibiwa kwamba ilinyesha mvua tu. Basi ni vyema tujue ramani hizo hutoka wapi, na kwa nini husambaa kwa kasi namna ile.

Uingereza ina watu wengi, wake kwa waume, ambao raha yao kubwa ni kuingoja theluji. Wengi wao si wataalamu. Ni walimu, madereva, wauza duka, wastaafu. Tangu Novemba huanza kufuatilia mahesabu ya kompyuta yanayotabiri hali ya hewa. Modeli ya Marekani hutoa hesabu mpya mara nne kwa siku, na wapo wanaokesha wakiingojea ile ya usiku. Baridi ikionekana kwenye ramani hufurahi. Ikitoweka katika hesabu inayofuata, hununa kama waliofiwa.

Kiu hiyo ina asili yake. Majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yalikuwa makali kuliko yote tangu 1740 katika vipimo vya England ya kati, vipimo ambavyo vimewekwa tangu 1659. Theluji ilianguka mwishoni mwa Desemba, na sehemu nyingi haikuondoka hadi mwanzo wa Machi. Wastani wa joto wa Januari ile ulikuwa nyuzi 2.1 chini ya sifuri, na ufukweni Herne Bay, katika jimbo la Kent, bahari iliganda. Waliokuwa watoto mwaka ule wamewasimulia wajukuu wao, na wajukuu wanatamani kuyaona.

Lakini hawayaoni mara kwa mara, na sababu ni upepo. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa kwamba upepo ndio uletao majira. London iko kaskazini sana, ila pepo zake nyingi hutoka magharibi, zikipita juu ya bahari ya Atlantiki yenye uvuguvugu, nazo huleta mawingu na mvua. Ili theluji ianguke hadi mabondeni, sharti upepo ugeuke, utoke kwenye barafu ya kaskazini au uwe wa matlai, kama wazee wetu waitavyo utokao mashariki, ukivuma kutoka Urusi. Hata hapo, tofauti ya nyuzi moja tu ya joto hutosha kuigeuza theluji kuwa mvua. Ndiyo maana kuitabiri theluji katika visiwa vile ni kazi ngumu mno.

Mwaka 1961, mtaalamu wa Marekani Edward Lorenz alikuwa akirudia hesabu ya hali ya hewa kwa kompyuta. Badala ya kuandika 0.506127 aliandika 0.506, akidhani tofauti ndogo kama hiyo haidhuru. Mwanzo matokeo yalifanana na ya awali, kisha yakaachana kabisa, kama jahazi mbili zilizong'oa nanga pamoja zikaishia bandari tofauti. Alichapisha maelezo yake 1963. Tangu hapo wataalamu wanajua kwamba kosa dogo katika kipimo cha leo huwa kosa kubwa baada ya siku kumi.

Dawa waliyoipata ni kufanya hesabu mara nyingi. Kituo cha Ulaya cha utabiri, chenye makao yake makuu mjini Reading, huanza na hali ya leo, kisha huibadilisha kidogo mara 50 na kuzikokotoa zote. Hesabu hizo zikielekea upande mmoja, utabiri una nguvu. Zikitawanyika, hakuna anayejua.

Hapa ndipo mapenzi yanapoingia. Mwenye kuitamani theluji huzipekua hesabu zote 50, akaikuta moja yenye dhoruba ya theluji, akaichomoa na kuisambaza. Hakudanganya, kwani ramani ni ya kweli. Ila amezificha zile 49. Ramani hiyo moja ndiyo inayovuka bahari na kumfikia mama wa Likoni, bila ya zile nyingine.

Hata wanaozisoma hesabu kwa uangalifu hupata na kukosa. Februari 2018, hewa ya juu sana kwenye ncha ya kaskazini, makumi ya kilomita kutoka ardhini, ilipata joto ghafla na upepo wake ukageuka mkondo. Jambo hilo likitokea, mara nyingi baridi hushuka Ulaya wiki chache baadaye, na kweli ilishuka. Mwisho wa mwezi ule matlai ilivuma, theluji ikafunga barabara, na madereva walilala ndani ya magari yao. Mapema Januari 2019 hali hiyo hiyo ya juu ilitokea tena. Wapenzi wa theluji walijawa na matumaini. Tarehe 26 Februari 2019 kipimo katika bustani ya Kew, London, kilisoma nyuzi 21.2, joto ambalo halikuwahi kupimwa katika majira ya baridi nchini humo.

Sina ugomvi na watu hawa. Wamejisomesha wenyewe elimu ngumu bila ya kulipwa, na pengine kumngoja mgeni asiyekuja kwa ahadi ni adabu ya aina yake. Isitoshe, sisi nasi tuna ya kwetu. Kule Gongoni na Marereni, mvua anayoiomba mkulima wa mahindi ndiyo inayoharibu mashamba ya chumvi, na kila mmoja hutazama wingu lile lile kwa jicho lake.

Lakini baridi hugharimu. Tarehe 1 Machi 2018, katikati ya theluji ile, wasimamizi wa mtandao wa gesi wa Uingereza walitoa onyo kwamba gesi huenda isitoshe. Familia nyingi za kipato kidogo huko hulipia umeme na gesi kabla ya kutumia, kama tununuavyo tokeni sisi. Salio likiisha, nyumba hupoa. Mzee huvaa koti ndani, akahamia chumba kimoja, akapunguza kupika.

Serikali ina msaada wake kwa watu hawa katika England na Wales. Wastaafu wa kipato cha chini na baadhi ya wengine wanaopokea ruzuku hupewa pauni 25, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, endapo wastani wa joto la eneo lao umepimwa, au umetabiriwa, kuwa sifuri au chini yake kwa siku saba mfululizo. Chukua siku sita za nyuzi 1 chini ya sifuri, kisha siku ya saba upepo wa magharibi ulete nyuzi 7. Wastani wa juma hilo hupanda kidogo juu ya sifuri, na pauni 25 haziji, ilhali gesi ya siku sita imekwisha kuchomwa. Basi katika mtaa mmoja, usiku wa sita, kuna kijana anayeitazama ramani akiomba baridi iendelee hadi kesho ili theluji isiyeyuke, na nyumba ya pili yake yuko bibi aliyejifunika blanketi mbili, naye anaomba iendelee hadi kesho.