Tupande Miti ya Kwetu Majumbani

Katika Kihanga, kama katika sehemu nyingine za Karagwe na Kyerwa, nyumba za matofali na mabati zaendelea kujengwa, na hilo ni jambo la kufurahisha. Wengi wa wanaozijenga ni wafanyakazi wa mijini waliojinyima ili wapate mahali pa kupumzika watakapostaafu. Twawapongeza. Lakini tunalo neno juu ya kiwanja kinachoizunguka nyumba. Nyumba hupangwa kwa ramani na kusimamiwa na fundi. Kiwanja huachiwa bahati.

Desturi iliyoingia ni hii: kwanza miti yote hukatwa, ardhi ikabaki uchi, kisha hununuliwa nyasi za bustani, miashoki na maua ya mjini, ili nyumba ifanane na zile za Dar es Salaam. Mvua zikinyesha, bustani hupendeza. Lakini zikikatika, tangu Juni hata Agosti, kila mmea humo hudai maji, na mwenye nyumba yuko kazini Mwanza au Dodoma. Ni nani atakayechota? Ni mama mzee, ni shangazi, ni mtoto aliyetoka shule akiwa na njaa. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na vilima vya Karagwe wenyeji wavijua. Sisi hatuwezi kuiita maendeleo bustani inayokunywa maji ya kupikia.

Wazee wetu walijua kupanga. Katika kibanja waliweka migomba, buni chini yake, na miti ya kivuli juu ya vyote. Nyasi zilikatwa katika rweya zikatandazwa shinani, udongo ukahifadhi unyevu. Mpakani walipanda mlamula, mmea usiojali kiangazi, ambao jina lake lenyewe lakumbusha neno la kuamua: majirani wakigombana, mmea ulitoa ushahidi. Wachaga nao wana isale lao, ndugu wa huo huo mlamula. Mtoma ulitoa kivuli, na gome lake likapondwa kuwa nguo. Hata kahawa ya robusta ni mmea wa asili wa upande huu wa Ziwa Viktoria; wakoloni waliikuta.

Yafaa tueleze maana ya mti wa kwetu, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kila mti wa Afrika hufaa kila mahali. La hasha. Mhumula ni mti wa asili wa Kagera, na hapa hauna ugomvi na mtu. Mti huo huo ulipopelekwa Amani, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya ishirini, ulienea msituni ukawa msumbufu kwa miti ya huko. Basi mwenye kutafuta mti wa kwao asitazame ramani ya Taifa. Atazame kilima anachokaa.

Mkaratusi hatuuchukii. Umetupa nguzo na fedha, nao ukae katika shamba lake, mbali na chemchemi na mbali na migomba. Ila lantana, ule mmea wa Amerika wenye vijiua vya rangi nyingi, twashangaa kuona watu wakiupanda kwa mikono yao kuwa ua. Ndege husambaza mbegu zake hata malishoni, na ng'ombe akila majani yake hudhurika.

Kabla ya kuchimba shimo hata moja, mwenye nyumba asubiri mvua kubwa, asimame barazani aangalie maji ya paa yanaelekea wapi. Achimbe mtaro uyapeleke kwenye migomba yake, yasiukate udongo yakauchukua bondeni. Mhumula aupande mbali na nyumba, maana huangusha matawi yake wenyewe. Mshambya wafaa mpakani: una maua ya manjano, hutoa nguzo, na ukikatwa huchipua tena. Anayetaka wekundu apande mwamba-ngoma, ambao huchanua kabla ya majani kutoka. Miche hii nayo haiwezi kuachwa siku ya kwanza. Kiangazi cha kwanza na cha pili yataka matandazo na maji kidogo. Baada ya hapo itajitegemea.

Wengine watasema miti na majani huleta nyoka na mbu, na kwamba kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitufundisha kufyeka. Ni kweli, na funzo hilo halijafutwa. Uwanja ulio karibu na ukuta ufagiliwe, na madimbwi yafukiwe. Lakini hakuna aliyetuambia tufyeke mpaka kwa jirani.

Shida kubwa iliyobaki ni miche. Karagwe na Kyerwa wamepata kuwa na mpango wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai, uliowashirikisha wakulima kupanda miti mashambani, kwa hiyo ujuzi si mgeni hapa. Twaziomba Halmashauri za wilaya hizi mbili zitenge sehemu ya vitalu vyao kwa ajili ya mhumula, mshambya na mtoma, na miche hiyo iwe tayari kabla ya mvua za Septemba, ili mfanyakazi anayekuja likizo aikute, wala asilazimike kubeba mwashoki kwenye basi kutoka Dar es Salaam.