Ukuta Nao Husema

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mchoraji, alinialika kwenye maonyesho jijini Dar es Salaam. Niliikuta picha yake imetundikwa karibu na dari, kwa msumari mmoja, imelalia upande. Ukuta wote ulijaa matundu ya maonyesho yaliyopita, kama uso wa mtu aliyeponea ndui. Nilipomwuliza msimamizi, alinijibu kwa upole: "Mzee, watu hawaji hapa kutazama ukuta."

Jibu hilo nalikataa. Niliongoza chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na jambo la kwanza nililowasisitizia walimu wanafunzi lilikuwa kufuta ubao. Anayeandika somo la leo juu ya mabaki ya somo la jana huwavuruga watoto, hata kama mwandiko wake ni mzuri. Ukuta wa maonyesho ndio ubao wa mchoraji.

Wala kazi yenyewe si ya miujiza. Ng'oa misumari, ziba matundu kwa plasta laini, iache ikauke, piga msasa, kisha paka rangi ukuta mzima toka kona hadi kona, maana kiraka huonekana. Katikati ya picha pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Picha kubwa ishikwe na kulabu mbili zilizopimwa kwa pimamaji.

Wapo watakaosema haya ni madaha ya wazee. Basi wamkumbuke Gainsborough, mchoraji wa Uingereza. Mwaka 1784 Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilikataa kuitundika picha yake ya mabinti watatu wa mfalme kwa kimo alichotaka. Aliondoa picha zake zote, na hadi alipofariki mwaka 1788 hakupeleka tena hata moja katika maonyesho yao.

Kijana wangu hana jina kubwa la kumpa ujasiri huo. Alisimama kimya chini ya picha yake, wageni wakipita bila kuinua shingo. Kazi yake ya miezi minne ilipotea kwa kukosa ngazi, futi kamba na kopo moja la rangi.

Wahenga walituonya kuhusu ufa. Mimi naongeza tundu la msumari. Mwenye ukumbi anayeona uvivu kuliziba, asione haraka kutoza kiingilio.